Una hashi ya faili usilolijua: uiulize wapi?

Ukikabidhiwa seva ambayo msimamizi wake wa zamani ameshaondoka, utakuta folda kama /opt/app/lib imejaa mafaili yenye majina yasiyosema kitu: core.jar, util-mpya.jar, libz_old.so, setup(2).exe. Tarehe zinazoonekana mara nyingi ni za siku yaliponakiliwa. Majina yalibadilishwa na mtu kwa sababu alizozijua mwenyewe. Kilichobaki cha kuaminika ni baiti zilizomo ndani, na hashi, yaani mstari mfupi wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka baiti hizo, husoma hizo tu, haijali jina wala tarehe.

Kuipata hashi ni kazi ndogo. Kwenye Linux andika sha256sum core.jar, kwenye Mac andika shasum -a 256 core.jar, na kwenye Windows fungua PowerShell uandike Get-FileHash core.jar, ambayo usipoiambia vinginevyo hutoa SHA-256. Utapata mstari mmoja wa herufi na tarakimu 64. Kazi yenyewe inaanzia hapo: mstari huo uupeleke wapi?

Sehemu za kuuliza ni nyingi na karibu zote ni za bure, ila watu huzichanganya kana kwamba zinajibu swali moja. Ipo inayokuambia kama faili limebadilika tangu liliposakinishwa. Ipo inayokuambia limetoka kwenye kifurushi gani, toleo lipi. Nyingine inakuambia ni injini ngapi za kuzuia virusi zinalituhumu, na nyingine msimbo huu ulionekana kwenye hazina ipi. Hakuna hata moja inayoweza kukuhakikishia kwamba faili ni salama, na huo ndio msimamo nitakaoushikilia katika ulinganisho huu wote: chagua kwa kuangalia swali ulilonalo, halafu usilidai jibu zaidi ya linachokijua.

## Kwanza, hashi ipi

MD5 ya Ron Rivest, iliyochapishwa kama RFC 1321 mwaka 1992, hutoa herufi 32. SHA-1 ya mwaka 1995 hutoa 40. SHA-256, ya familia ya SHA-2 iliyotangazwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2001, hutoa 64. Urefu peke yake unatosha kukuambia umeshika ipi.

MD5 ilivunjwa hadharani mwaka 2004 na Wang Xiaoyun na wenzake, walioonyesha mafaili mawili tofauti yenye hashi moja. Mwaka 2012 ikagundulika kwamba programu ya kijasusi iliyopewa jina Flame ilitumia udhaifu wa aina hiyo kughushi cheti kilichoonekana kutoka Microsoft. SHA-1 nayo ilifuata Februari 2017, taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google zilipotoa PDF mbili zenye SHA-1 moja. NIST imeagiza SHA-1 iwe imeachwa kabisa ifikapo tarehe 31 Desemba 2030.

Hapo wengi hukimbilia kusema MD5 ni takataka, basi. Mambo hayako hivyo moja kwa moja. Kilichovunjwa ni kinga dhidi ya mgongano: mtu anaweza kutengeneza mafaili mawili kwa pamoja, moja jema na moja baya, yakatoa hashi ileile. Kuchukua faili ambalo tayari lipo duniani, tuseme notepad.exe ya Microsoft, ukalitengenezea pacha mwenye MD5 hiyohiyo ni kazi nyingine kabisa, na hakuna aliyeifanya kwa vitendo. Kwa hiyo hifadhidata ikikujibu kwa MD5 kwamba hili ni faili la kifurushi fulani cha Debian, jibu hilo lina uzito kwa kazi ya kutambua na kupanga. Linapoteza uzito pale ambapo unayemshuku ndiye huyohuyo aliyelitengeneza faili tangu mwanzo.

Mimi hukokotoa SHA-256 na SHA-1 kwa pamoja na kuziandika zote mbili. SHA-256 ndiyo ya kushikilia. SHA-1 inahitajika kwa sababu baadhi ya hazina muhimu, kama utakavyoona, bado zinatafutwa kwa hiyo.

Jambo dogo kabla ya kuuliza popote: ondoa mafaili matupu. Faili lisilo na baiti hata moja hutoa SHA-256 inayoanza na e3b0c442, SHA-1 inayoanza na da39a3ee, na MD5 inayoanza na d41d8cd9. Ukiona mojawapo ya hizo, hujagundua kitu. Upakuaji ulikatika kabla ya kuanza, au mtu aliunda faili akaliacha. Hifadhidata itakuambia linajulikana, tena kwa majina chungu nzima. Wanaofanya kazi hii kila siku wamezikariri namba hizo, na inafaa uzikariri.

## Rekodi za mashine yenyewe: dpkg na rpm

Mahali pa karibu pa kuuliza ni palepale ulipo. Debian na Ubuntu huweka orodha ya MD5 za mafaili ya vifurushi ndani ya /var/lib/dpkg/info, na amri ya debsums -c huzipitia na kukuonyesha yaliyobadilika tu. Kama debsums haijasakinishwa, dpkg -V hufanya kazi inayokaribiana nayo. Upande wa Fedora, RHEL na jamaa zao ni rpm -Va, na jibu lake huja namna hii:

S.5....T.  c /etc/ssh/sshd_config

S maana yake ukubwa umebadilika, T ni muda, na tarakimu 5 ni kwamba hashi hailingani. Tano hiyo ni masalia ya MD5. Imebaki hata baada ya Fedora kuhamia SHA-256 katika toleo la 11 la mwaka 2009. Ile c inakukumbusha kwamba hili ni faili la mipangilio, na mipangilio hubadilishwa na wasimamizi kila leo, kwa hiyo tulia. Usitulie ukiiona 5 kando ya /usr/sbin/sshd, programu inayopokea wanaoingia seva kwa mbali kupitia SSH.

Kwa swali la kama faili limeguswa, hakuna chombo kinachoshinda hiki. Hakihitaji intaneti, hakimwambii mtu wa nje chochote, na kinazungumzia toleo lilelile ulilosakinisha. Mipaka yake ni miwili. Kinajua tu kilichoingia kupitia kwa meneja wa vifurushi, hivyo ile folda ya /opt ni giza kwake. Halafu, mvamizi aliyepata mamlaka ya root (mtumiaji mkuu wa mfumo) anaweza kuandika upya orodha yenyewe, na debsums ikakujibu kwa utulivu kwamba kila kitu ni sawa.

Kama unashuku uvamizi, washa mashine kwa flashi yenye Linux nyingine, au pakua kifurushi upya kwenye kompyuta safi kwa apt download, kifungue kwa dpkg-deb -x, kisha linganisha mafaili yake na yale yaliyo kwenye diski. Hapo unaegemea mnyororo wenye nguvu zaidi: SHA-256 ya kila .deb (faili la kifurushi cha Debian) imeandikwa kwenye faili la Packages, hashi ya Packages imeandikwa kwenye Release, na Release imetiwa saini kwa ufunguo wa Debian. Mvamizi aliye ndani ya seva yako hana ufunguo huo.

## NSRL na hashlookup: mkongwe na mrithi wake

NSRL, maktaba ya marejeo ya programu, iko chini ya NIST. Watu wake hukusanya programu, huzifungua hadi faili la mwisho, huhesabu hashi za kila faili na kuchapisha orodha ya hashi hizo wanayoiita RDS mara nne kwa mwaka. Ilijengwa kwa ajili ya wachunguzi wa kidijitali. Mpelelezi akikamata kompyuta yenye mafaili laki kadhaa, anataka kwanza kuyaweka kando yale ambayo ni ya Windows tu au ya Office tu, abaki na machache yaliyoandikwa na mwenye kompyuta. Ndiyo maana programu ya uchunguzi kama Autopsy hupokea orodha ya NSRL moja kwa moja.

Kuna jambo kuhusu NSRL linalowapotosha wengi. "Inajulikana" hapo haina maana ya "njema". NIST wenyewe wanasema kwamba ndani yake zimo pia zana za udukuzi na za kuficha ujumbe, kwa sababu hizo nazo ni programu zilizotolewa na kusambazwa. Nimeona watu wakijenga mifumo inayoruka kila faili lililomo NSRL kana kwamba limepitishwa. Hilo ni pengo la usalama unalolifungua kwa mikono yako mwenyewe.

Tatizo la pili ni ukubwa. RDS ya sasa huja kama hifadhidata ya SQLite yenye SHA-256, SHA-1 na MD5, na kuipakua ni kazi ya magigabaiti mengi. Kwa ofisi yenye faiba hilo ni jambo la usiku mmoja. Kwa anayefanya kazi kwa bando la simu, ni gharama ya kufikiria mara mbili, hasa kama una mafaili thelathini tu ya kutambua.

Kwa mafaili thelathini, nenda hashlookup. Ni huduma ya CIRCL, kituo cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta cha Luxembourg. Imechukua data ya NSRL na kuongezea vifurushi vya mifumo mbalimbali ya Linux na vyanzo vingine, ikaviweka nyuma ya mlango mmoja usiodai akaunti wala ufunguo. Unaandika tu:

curl https://hashlookup.circl.lu/lookup/sha1/ halafu hashi yako

Kama inalijua, utajibiwa kwa JSON (maandishi yaliyopangwa kwa ajili ya programu kuyasoma) yenye jina la faili, ukubwa, chanzo cha taarifa na, hapa ndipo inapong'aa, vifurushi mama ambavyo faili hilo limo ndani yake. Kama hailijui, utapata 404, yaani "haipo". Kuna pia alama ya imani, hashlookup:trust, kati ya 0 na 100, inayopanda kadiri faili linavyoonekana kwenye vyanzo vingi zaidi, na pia sehemu ya KnownMalicious kwa yale yaliyokwisha kuripotiwa kuwa hasidi. Napenda uaminifu wa mpangilio huo: unakuachia uamuzi, badala ya kukupa neno moja la "safi".

Kwa kazi ambayo mashine hairuhusiwi kugusa intaneti, CIRCL hutoa kichujio cha Bloom cha kupakua, yaani muhtasari wa hashi zote unaojibu tu "imo" au "haimo". Ni faili dogo mno ukilinganisha na hifadhidata nzima, na unaliuliza hapohapo ulipo. Likisema faili halimo, halimo kweli. Likisema limo, kuna uwezekano mdogo wa kukosea, na halitakuambia jina wala kifurushi. Linafaa kwa kupunguza mlima wa mafaili. Halifai kama ushahidi wa kuandika kwenye ripoti.

Nikilinganisha hizi mbili: NSRL nitaichukua pale ninapohitaji nakala yangu mwenyewe, yenye tarehe ya toleo ninayoweza kuitaja mbele ya mkaguzi au mahakama. Kwa mengine yote hashlookup ni nyepesi zaidi, na kwa seva za Linux inajua zaidi.

## VirusTotal: swali tofauti kabisa

VirusTotal ilianzia Hispania mwaka 2004 na ikanunuliwa na Google mwaka 2012. Ukiibandika hashi kwenye kisanduku cha kutafuta, bila kupakia faili lenyewe, inakuonyesha jinsi injini zaidi ya 70 zilivyolihukumu faili hilo iwapo kuna mtu aliyewahi kulipeleka. Kwa swali la kama faili linatuhumiwa, ndipo pa kwenda.

Tofauti ya kutafuta kwa hashi na kupakia faili ni kubwa, na inafaa ieleweke na kila mtu ofisini. Faili likipakiwa, linaweza kupakuliwa na wateja wanaolipia huduma hiyo duniani kote. Faili la .exe lililotengenezwa na kampuni yako, lenye nywila ya hifadhidata ndani yake, likipakiwa mara moja limetoka mikononi mwako. Hashi haitoboi siri hiyo. Kupakia kuna hatari nyingine: mshambuliaji aliyetengeneza faili maalumu kwa ajili yako anaweza kuwa anaangalia kama limeanza kuonekana huko, na likionekana anajua umemgundua. Ndiyo maana kwa tukio zito mimi huanza na vyanzo vya ndani na vichujio vya Bloom kabla ya kugusa chochote cha nje.

Ufunguo wa bure wa API (mlango wa programu kuuliza zenyewe) unaruhusu maswali 4 kwa dakika na 500 kwa siku, na si kwa kazi ya biashara. Kwa folda yenye mafaili elfu kumi utasubiri wiki tatu. Pitisha kwanza hashlookup, kisha yaliyobaki yapeleke huku.

Namna ya kusoma jibu nayo inahitaji utulivu. Sifuri kati ya sabini haimaanishi ni jema. Faili jipya kabisa huanza hivyo. Moja au mbili kati ya sabini, kutoka injini usizozifahamu, mara nyingi ni tuhuma ya bure, hasa kwa zana za wasimamizi zinazofanya mambo yanayofanana na ya virusi. Angalia pia tarehe faili lilipoonekana mara ya kwanza. Faili linalojiita maktaba ya mwaka 2015 lakini limeonekana mara ya kwanza wiki iliyopita linanitia wasiwasi kuliko tuhuma tatu za injini zisizojulikana.

## Hazina za watengenezaji

Hapa kuna vyanzo vitatu ambavyo wengi hawavijui, na kila kimoja kina lugha yake.

snapshot.debian.org huhifadhi vifurushi vya Debian vilivyopita tangu mwaka 2005, na hutafutwa kwa SHA-1. Inajua .deb nzima, faili lililotolewa ndani ya .deb haitalitambua. Ukikuta .deb ya zamani kwenye folda ya mtu, nenda pale, utaambiwa ilikuwa kwenye hazina ipi na tarehe gani.

Maven Central, hazina ya maktaba za Java (mafaili ya .jar), nayo inatafutwa kwa SHA-1. Ukiipa hashi ya core.jar inakurudishia kundi, jina na toleo. Kwa jar zilizobadilishwa majina, hii hushinda hifadhidata zote za jumla.

Software Heritage, iliyozinduliwa na taasisi ya Inria ya Ufaransa mwaka 2016, hukusanya msimbo wa programu kutoka hazina za dunia nzima. Inafaa pale unapokuwa na faili la .c au .py na unataka kujua lilitoka mradi gani, labda kwa ajili ya leseni. Tahadhari moja: kitambulisho chake kikuu kinafuata utaratibu wa Git, na Git huongeza neno blob na ukubwa wa faili mbele ya baiti kabla ya kukokotoa SHA-1. Faili tupu ambalo sha1sum hulipa da39a3ee, Git hulipa e69de29b. Usishangae namba zisipolingana. Tumia git hash-object, au itafute kwa SHA-256 ya kawaida, ambayo pia wanaipokea.

## Mfano: Log4j, Desemba 2021

Hakuna tukio lililoonyesha nguvu na unyonge wa kazi hii kama Log4Shell, kasoro ya Log4j, maktaba ya Java ambayo programu hutumia kuandika logi zake. Tarehe 10 Desemba 2021 dunia iliamka na kasoro iliyopewa namba CVE-2021-44228: matoleo ya log4j-core kuanzia 2.0-beta9 hadi 2.14.1 yalimruhusu mtu wa mbali kuendesha msimbo wake kwenye seva yako kwa kutuma tu maneno fulani yaandikwe kwenye logi. Ndani ya muda mfupi zikasambaa orodha za hashi za jar zote zenye kasoro. Ukazipakua, ukapitisha find na sha256sum kwenye seva zako, ukapata majibu.

Majibu hayo yalikuwa sahihi kwa kila yalichokipata. Tatizo lilikuwa kwa yale yasiyoonekana.

Kwanza, jar ndani ya jar. Programu ya Spring Boot hubeba maktaba zake ndani ya BOOT-INF/lib. Hashi ya app.jar haimo kwenye orodha yoyote, kwa sababu app.jar ni ya kwako peke yako. Ukiifungua kwa unzip na kuhesabu upya, log4j-core iliyo ndani inatoa hashi ileile ya Maven Central na orodha inaikamata. Pili, jar zilizosagwa pamoja: mjenzi amechukua madarasa yote ya maktaba na kuyamwaga ndani ya jar moja kubwa. Hapo hata jar ya ndani haipo. Unashuka ngazi moja zaidi, unahesabu hashi ya JndiLookup.class, darasa lenye kasoro, lenyewe, na bado unaweza kulitambua. Tatu, mjenzi aliyebadilisha na majina ya vifurushi vya Java ndani ya msimbo: baiti za darasa lenyewe zimebadilika, na hashi haina tena la kusema.

Na kuna upande wa pili. Wasimamizi wengi walifuata ushauri wa kuliondoa JndiLookup.class kutoka kwenye jar kwa amri ya zip -q -d. Jar ile ikawa haina tena mlango ule, ila hashi yake ikabadilika, ikawa faili lisilojulikana popote. Anayekagua leo ataliona kama geni na la kushukiwa, ingawa ndilo lililotibiwa.

Funzo la kiufundi hapo ni la ngazi: kabla ya kuuliza hifadhidata, jiulize inajua ngazi gani. Kifurushi kizima, faili la ndani, au kipande cha ndani zaidi? Kwa jar, whl, deb, apk na zip, hesabu kila ngazi.

Hilo lilijitokeza tena Januari 2023 kwa sura nyingine. GitHub ilibadilisha programu inayobana mafaili ya msimbo yanayotengenezwa papo hapo mtu anapopakua. Msimbo ndani haukuguswa hata herufi moja, lakini hashi za mafaili yaliyobanwa zikabadilika, na mifumo ya ujenzi iliyokuwa imeziandika ikakwama sehemu nyingi hadi GitHub ikarudisha utaratibu wa zamani. Ukitaka hashi ya kudumu ya msimbo, chukua ya faili ambalo mradi wenyewe umelipandisha kama toleo, au ya commit (hatua iliyorekodiwa) ya Git.

## Hashi inajua sura, haijui tabia

Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft aliyekuwa akifuatilia kwa nini kuingia kwa SSH kumekuwa kuzito, alitangaza kwamba xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ina mlango wa nyuma. Mlango huo uliwekwa na mtu aliyekuwa msimamizi halali wa mradi, kwenye faili rasmi la toleo. Hashi ya faili hilo ililingana na ya tovuti. Ililingana na ya vifurushi vilivyokwisha kuingia Debian ya majaribio. Kila aliyehakiki alipata "sawa", na ilikuwa kweli ni sawa: lilikuwa faili lilelile lililotolewa. Hakuna hifadhidata ya hashi ambayo ingemsaidia mtu siku moja kabla ya tangazo. Siku moja baadaye, hashi hizohizo zilikuwa njia ya haraka kuliko zote ya kujua nani ameathirika.

Upande mwingine kuna Codecov, huduma inayopima ni kiasi gani cha msimbo kimejaribiwa. Kuanzia tarehe 31 Januari 2021 mtu alikuwa akibadilisha skripti yao iliyopakuliwa na wateja wengi. Aprili 1 mteja mmoja alilinganisha hashi ya skripti aliyoipakua na ile iliyochapishwa GitHub, akaona hazilingani, akatoa taarifa. Hashi ilisaidia kwa sababu iliwekwa mahali tofauti na faili. Ikiwa zote mbili ziko ukurasa mmoja, anayeweza kubadilisha moja hubadilisha na nyingine. Tovuti ya Linux Mint ilipovamiwa Februari 2016 na kiungo cha kupakua toleo la 17.3 Cinnamon kikaelekezwa kwenye ISO yenye mlango wa nyuma, hofu ilikuwa hiyohiyo. Saini ya GPG, inayothibitisha aliyetoa faili, yenye ufunguo unaoufahamu tangu zamani inashinda hashi iliyoandikwa kando ya kitufe cha kupakua.

## APK zinazotumwa kwenye magrupu

Huku kwetu swali la "faili hili ni lipi?" huja zaidi kwa simu: APK, faili la kusakinishia programu ya Android, iliyotumwa kwenye grupu la WhatsApp au Telegram, ikisemekana ni toleo jipya la programu fulani. Kutafuta hashi yake VirusTotal ni hatua ya kwanza nzuri. Lakini usitegemee kuipata hashi "rasmi" ya kulinganisha. Tangu Agosti 2021 Google Play inataka programu mpya zije kama kifurushi kinachogawanywa kulingana na simu, kwa hiyo simu mbili zinaweza kuwa na mafaili tofauti ya programu moja halali.

Kwa APK, tambua mwenye saini. apksigner verify --print-certs hukupa SHA-256 ya cheti cha aliyeitia saini, na cheti hicho kwa kawaida hubaki kilekile toleo hadi toleo. Linganisha na cha programu hiyohiyo iliyosakinishwa kutoka Play. Zikitofautiana, huenda hilo faili limefunguliwa na kufungwa upya na mtu mwingine, liache.

## Kwa hiyo uchague ipi

Kwa seva ya Linux unayoshuku imeguswa: debsums au rpm -Va ukiwa umewasha kutoka flashi, na vifurushi vilivyopakuliwa upya kama kipimo. Kwa folda ya mafaili mageni yasiyo ya siri: hashlookup kwanza, kisha VirusTotal kwa hashi tu kwa yaliyobaki. Kwa jar usiyoijua toleo lake: Maven Central, moja kwa moja. Kwa msimbo wenye maswali ya leseni: Software Heritage. Kwa ripoti itakayofika mahakamani: nakala yako ya NSRL, ukitaja toleo. Kwa kitu unachokaribia kusakinisha, usingoje hifadhidata yoyote; tumia --require-hashes ya pip, package-lock.json ya npm au go.sum, ambazo hukataa baiti zisizolingana kabla hazijaingia.

Baada ya hayo yote, kutakuwa na mafaili yasiyojulikana na yeyote. Mengi yana sababu ya kawaida: .pyc (Python iliyokompailiwa) zilizozalishwa hapohapo, programu zilizokompailiwa kwenye seva ile, mipangilio, kumbukumbu, jar zilizotibiwa kwa mkono. Yapange kwa aina, uyatoe hayo. Yaliyobaki yapitishe kwa ssdeep au TLSH, hashi za ukaribu zinazoweza kukuambia kwamba faili hili linafanana sana na lile unalolijua hata kama halilingani. Yakibaki matano, yafungue mwenyewe uyasome. Kisha andika SHA-256 za mashine nzima kwenye faili moja, litie saini, ulihifadhi nje ya seva hiyo, ili ukaguzi ujao uanze na orodha ya kwako kabla ya kumuuliza mtu mwingine.